Unywele Kwenye Ekseli

Kwanza naipindua chali, kama mtoto anayebadilishwa nepi,
kwenye kitanda cha sponji nilichokichonga kwa kisu cha mkate.
Skrubu nne. Ya tano imejificha chini ya kibati cha namba:
asiyeijua huvuta, na anayevuta huvunja.

Bwana Lothar Kretschmar aliileta Jumatatu
ndani ya soksi ya sufu.
"Haiendi, Bi Tschirner. Inanguruma tu, kama mjomba wangu."
Nikaandika daftarini: nyeusi, magurudumu kumi,
inanguruma.
Nje, Zittau ilikuwa ikinyeshewa ile theluji ya majimaji
isiyojijua kama ni mvua.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karakana ya zile kubwa.
Huko boliti moja ilikuwa nzito kuliko injini hii nzima,
na msimamizi wetu alikuwa na sheria moja tu:
ulichokitoa, kirudishe mkononi mwa mwenyewe,
hata kama ni kutu.
Karakana ilifungwa. Sheria nikabaki nayo.
Ndiyo maana nina viberiti vitupu mia tatu na kitu,
kila kimoja na tarehe yake.

Grisi ya zamani ilikuwa imeganda, rangi ya asali, ngumu kama ukucha.
Nikailainisha kwa spiriti na kijiti cha pamba,
jino kwa jino, gia kwa gia.
Brashi za kaboni zimelika, zimebaki punje za mtama.
Na kwenye ekseli ya tatu, umejizonga, umejikaza,
unywele.
Mrefu kuliko kidole changu. Mwekundu kama shaba mpya.
Nikautoa kwa kibano, pumzi nimeibana,
nikauviringisha, nikautia kiberitini.

Siku tatu sikuwa peke yangu humu.
Nilimtungia msichana. Nikamwita Annegret,
nikamlaza kifudifudi juu ya zulia, shavu sakafuni,
ili treni imjie kubwa kama ya kweli.
Nikampa homa. Nikamvusha mpaka, akiwa na sanduku moja.
Nikamnyima Bwana Kretschmar mke kwa ajili yake.
Mikono ikipata kazi, kichwa nacho hujitafutia yake.

(Kabatini, nyuma ya kioo, ninazo tano zisizotibika.
Zinki yake inaugua: inavimba kutoka ndani,
inapasuka kama shamba la kiangazi.
Haziendeshwi tena. Nazitunzia ukavu na joto lisilopanda wala kushuka,
nazipangusa vumbi kwa brashi ya rangi za maji.
Watoto wakiuliza, nawaambia zimestaafu, kama mimi.
Hawaniamini; wananiona bado nakwenda.)

Alhamisi akaja. Nikaiweka relini,
nikafungua umeme, tone kwa tone.
Ikasita. Ikatetemeka. Ikaenda,
fito zake zikipokezana, huu juu, huu chini,
ikazunguka kopo la kahawa,
ikapotea nyuma ya redio,
ikarudi.
Nilipogeuka, Bwana Kretschmar, mzee wa miaka sabini na tatu,
alikuwa ameinama, shavu juu ya meza,
jicho usawa wa reli.

Ndipo nikamsogezea kiberiti.
Akauinua ule unywele kwenye mwanga wa taa,
akacheka mpaka miwani ikamtoka.
"Purzel! Huu ni wa mkia wa Purzel!
Alimng'ata tarishi mara mbili, yule mbwa.
Na alilala ndani ya handaki langu la kadibodi;
treni ilisimama mpaka aamke."

Akalipa. Akaivisha injini soksi yake.
Kiberiti akakitia mfukoni pamoja na chenji.

Jioni nikamalizia daftari:
brashi, mbili. Raba za magurudumu, nne.
Unywele wa mbwa, mmoja. Umerudishwa.

Nikazima taa, nikasimama pale gizani.
Annegret bado yuko ng'ambo ya mpaka, na homa yake,
na sijui nimrudishe kwa nani.